Kadi Iliyolala Kifudifudi

Jumatatu ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la vifaa vya kuandikia la Abdulkadir, Mji wa Kale wa Mombasa, lilijaa watu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, watatu walipangusa uso. Akina mama waligombea madaftari, watoto walililia mikoba yenye picha, na feni ya darini ilizunguka kwa uvivu wa kiranja aliyebakiwa na siku mbili za uongozi.

Katikati ya mtafaruku huo, mikono miwili ilishika kalamu moja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa kike. Hina ya maua madogo madogo ilipanda kutoka vidoleni hadi ikapotelea ndani ya mkono wa buibui. Wa pili ulikuwa wa kiume, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakata tamaa, na kidole gumba kilikuwa na doa la wino wa mhuri. Kalamu yenyewe ilikuwa nyeusi, ya ncha nyembamba kama mguu wa mbu. Hakuna aliyeiachia.

"Samahani, dada, hii nimeishika mimi kwanza."

"Umeshika mfuniko, kaka. Kalamu nimeishika mie."

"Basi tuigawe?"

"Tuigawe. Mfuniko wako. Ukaandikie huo."

Abdulkadir aliwatazama wote wawili juu ya miwani. Ndevu zake zilikuwa nyeupe na za heshima, nazo kwa miaka mingi zimemsaidia kuficha tabasamu ambazo hazikustahili heshima hiyo.

"Wanangu, juu ya kaunta hii hamna nyingine," alisema, huku akisukuma kitu kwa mguu chini ya kaunta hiyo hiyo. "Hussam, wewe waitakia nini?"

"Fomu za forodha, ami. Wino wa kawaida huvuja, na bandarini fomu ikivuja hurudishwa."

"Na wewe Malak?"

"Nakshi, ami. Jumamosi n'na darasa."

"Nakshi!" Hussam akacheka. "Watu wana mizigo Kilindini, mwenzangu ataka kuchora maua?"

Malak alichukua karatasi chakavu pale kaunta, akatia nukta nne pembeni, akazizungushia mstari, kisha akaanza kujaza ndani kwa magamba ya samaki, moja juu ya jingine, bila rula, bila kufuta, bila hata kukunja uso. Alivuta pumzi kila alipoanza mstari na kuitoa alipoumaliza. Kelele za dukani ziliendelea kama kawaida, ila Hussam hakuzisikia tena.

"Na ukikosea?" aliuliza kwa sauti iliyopungua kiburi kwa zaidi ya nusu.

"Nikikosea, nafuata kosa nione lanipeleka wapi. Na wewe karani, ukikosea?"

"Nikikosea, kontena la mchele hufika Kampala likiitwa matairi."

Malak akacheka. Ndipo Abdulkadir, kwa uzito wa kadhi, alipotoa hukumu. Kalamu ni ya shirika. Siku za kazi ikae kwa Hussam. Kila Jumamosi baada ya alasiri, Hussam aipeleke mwenyewe kwa mkono wake mpaka darasani kwa Malak.

Hakuna aliyekata rufaa.

*

Darasa lilikuwa ghorofani, nyumbani kwa Nyanya Zubeida, bibi yake Malak, fundi wa kushona kofia za vito, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, na mkaangaji wa kaimati za shira ambazo zingeweza kusimamisha vita. Watu walikaa mkekani wakizunguka sinia: wanafunzi wa sekondari wenye vidole vya wino, wasusi wa mikeka, wapaka hina wenzake Malak, na Tsofa, dereva wa kreni wa huko huko Kilindini, mwenye mikono kama makasia na mistari myembamba kuliko ya mtu yeyote chumbani. Alikuwepo pia Ghassan, mchoraji wa mabango, aliyejifukiza udi hata paka wa mtaani walivuka barabara alipopita.

Kila mmoja alichora kwenye kadi ya mraba, upana wa vidole vinne. Waliita nakshi zao kwa majina ya nyumbani: magamba ya changu, mbegu za boga, mkia wa samaki taa, vito vya kofia. Mwisho wa muhula kadi sitini na nne zingebandikwa pamoja, nane kwa nane, ziwe nakshi moja kubwa, zionyeshwe ufukweni Mama Ngina mbele ya umma na walaji wa mihogo.

Kanuni zilikuwa nne. Ya kwanza, hakuna kufuta. Ya pili, hakuna kucheka kadi ya mwenzio. Ya tatu, sinia ya kaimati haizunguki mara mbili kwa mtu mmoja, na kanuni hii Tsofa aliivunja kila wiki. Ya nne ilikuwa ndiyo nzito. Ukitaka kuchora na mtu, unachora nusu ya kadi na kuiweka mbele yake. Akikubali, anaimaliza na kukurudishia. Asipotaka, anailaza kifudifudi. Halafu basi. Hakuna kuuliza, hakuna kueleza, asiaibike mtu kwa maneno.

Kanuni hizo zilisomwa siku ya kwanza, kwa sauti, na Malak mwenyewe. Kwa bahati mbaya, wakati wa kanuni ya nne Hussam, aliyekuja kuleta kalamu akaketi mkekani kama mwanafunzi, alikuwa akitazama vidole vya msomaji.

Kazi ikaendelea wiki baada ya wiki. Magamba ya Hussam mwanzoni yalifanana na sufuria zilizogongana, kisha yakaanza kufanana na samaki mgonjwa, na hatimaye samaki mzima. Siku za kazi alimpigia Malak simu saa ya chakula.

"Mshirika, hujambo? Kalamu yetu imeamkaje?"

"Kalamu iko kwako, karani. Leo Jumatano."

"Ah. Basi niulize mimi nimeamkaje."

"Umeamkaje?"

"Vibaya. Nimechora magamba pembeni ya fomu. Bosi ameniuliza kama mzigo ni samaki."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mzigo ni wangu mwenyewe, na bado haujapata wa kuupokea."

"Rudi kazini, Hussam." Lakini alilitamka jina hilo kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole, na Hussam alirudi kazini akagonga mhuri mahali ambapo hapakuhitaji mhuri.

*

Jumamosi ya sita Malak alivaa mtandio wa rangi ya zambarau. Kadi sitini na tatu zilikwisha kamilika. Aliketi, akachora nusu ya kadi ya mwisho, vito vya kofia, vidogo vidogo, kazi ya saa nzima. Kisha akainuka na kuiweka mbele ya Hussam.

Malak alikuwa amefundisha miaka minne, na hajapata kumwekea mtu nusu ya kadi. Nyanya Zubeida aliacha sindano hewani. Tsofa alisahau kaimati mdomoni.

Hussam aliitazama. Akashika kalamu.

Simu ikalia. Ilitoka ofisini: kontena limezuiliwa getini, dereva anapiga kelele, namba ya mhuri wa bati unaofunga mlango wake haipatikani. Hussam alikuwa na miaka saba kwenye meza za bandari. Huko, karatasi ya thamani haiachwi wazi hata dakika moja, kwani kila mpita njia ana macho. Karani yeyote mwenye adabu akiinuka huilaza kifudifudi kwanza. Mkono wake ulifanya hivyo bila kumwuliza mwenyewe.

Akailaza kadi ya Malak kifudifudi, akapapasa mgongo wa kadi hiyo mara mbili kama anayemtuliza mtoto, akatoka ngazini na simu yake.

Aliporudi, kadi haipo. Malak alikuwa dirishani, amewapa watu mgongo, akisaidia wanafunzi kukunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Watu walikuwa wakiaga kwa sauti za matanga.

Hussam akadhani: *nimemvunjia heshima kwa simu, ameichukua kadi yake.* Malak akadhani alichodhani. Na kanuni ya nne, iliyotungwa ili mtu asiaibike, ikawafunga wote wawili midomo.

Jumatatu Hussam alimpigia simu.

"Malak, kwema?"

"Kwema."

"Ile kadi..."

"Hakuna kuuliza, bwana Hussam. Ndiyo kanuni."

Bwana Hussam! Si karani, si mshirika. Alipiga tena Jumanne, simu ikapokewa na Nyanya Zubeida, akamwambia kwa upole wa kisu kipya kwamba Malak yuko harusini anapaka hina, na kesho atakuwa harusini, na keshokutwa pia, inshallah.

Alhamisi Ghassan alimwendea Malak, udi umemtangulia. "Pengo lile la sitini na nne, nipe mimi. Tuchore wawili. Watu waone kitu kamili, si aibu."

Malak aliitazama nusu ya kadi yake, iliyolala kifudifudi mezani. "N'takujibu Jumamosi, kwenye maonyesho."

*

Ijumaa mchana Hussam alikaa na Tsofa kwenye kibanda cha chakula nje ya lango la Kilindini. Mbele yake kulikuwa na mahamri na mbaazi, na hakuwa amegusa hata moja. Kwa Tsofa hiyo ilikuwa dalili ya maradhi.

"Yakhe, sitakuuliza habari za kadi. Kanuni ni kanuni."

"Hata mimi sijui cha kuulizwa. Nimepokea simu dakika tano tu! Karatasi yenyewe niliihifadhi vizuri, nikailaza kifudifudi asije mtu akaiona..."

Tsofa aliweka kikombe chini polepole, kama anayeshusha kontena lenye vioo.

"Ulifanyaje?"

"Niliilaza kifudifudi. Karatasi ya maana hulazwa hivyo, si wajua? Mbona wanitazama hivyo?"

"Hussam. Kanuni ya nne yasemaje?"

"Ya nne... hiyo ni ile ya kaimati?"

Tsofa alicheka mpaka meza ikatembea. Halafu alifuta machozi, akamweleza, neno baada ya neno. "Kwa hiyo, mwenzangu, wewe umemkataa Malak mbele ya watu kumi na tisa na sinia ya kaimati. Na kesho Ghassan atajibiwa."

Hussam alisimama, akakaa, akasimama tena. "N'tampigia nimweleze!"

"Hakuna kueleza. Akikusikiliza, amevunja kanuni yake mwenyewe mbele ya wanafunzi wake. Wamjua Malak. Hatafanya."

"Basi n'fanye nini?"

Tsofa alivuta sahani ya mahamri upande wake. "Kalamu unayo wewe. Mimi n'na njaa."

*

Jumamosi Mama Ngina ilifurika. Mihogo ilichemka kwenye mafuta, ndimu na pilipili zilipigana hewani, watoto walikimbizana kati ya miguu ya watu. Ubao mkubwa ulisimama ukitazama bahari, na juu yake kadi sitini na nne. Sitini na tatu zilimetameta kwa wino. Moja, katika safu ya nne, ilikuwa nyeupe tupu. Malak alikuwa ameibandika kadi yake vilevile ilivyolazwa. Kando yake Ghassan alikuwa tayari amekunja mikono ya shati.

"Wakati umefika, Malak. Wasemaje?"

Malak alifungua mdomo. Hatujui angesema nini, kwani hapo umati ulipasuka na Hussam akatokea, ndani ya kanzu nyeupe na kofia iliyokaa upande kwa mbio alizopiga tangu kituoni. Hakumsalimia mtu, jambo ambalo Mombasa halisameheki kirahisi. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akafungua kalamu, akaanza kuchora kwenye ule weupe.

"We! Huo ni mgongo wa kadi!" Ghassan akalalamika.

Hussam hakugeuka. Nukta nne pembeni. Mstari. Pumzi. Magamba ya changu, moja juu ya jingine, kosa moja, akalifuata, la pili, akalifuata nalo. Walaji wa mihogo waliacha kutafuna.

Malak alisogea mpaka ubavuni mwake. "Umechora upande usio wake, bwana Hussam," alisema. Sauti ilitaka kuwa kali, ikashindwa.

"Sielezi kitu kuhusu kadi, mwalimu. Naeleza habari za bandari tu. Hilo laruhusiwa?"

Malak aliwatazama wanafunzi. Wanafunzi waliitika kwa vichwa, wote kwa pamoja. "Laruhusiwa."

"Kwetu, karatasi ya thamani ukiinuka wailaza kifudifudi, macho ya watu yasiichezee. Mkono huzoea. Mkono ni mjinga, hausikilizi kanuni zikisomwa." Akaongeza gamba moja. "Na kwetu, mwenye mzigo akitaka kumkabidhi mtu mzigo wake wote, hatii saini mbele ya hati. Hutia nyuma. Akishatia, mzigo si wake tena."

Upepo ulivuma mtandioni. Malak alifunika mdomo kwa mkono wenye hina, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda Hussam hakujua kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili.

"Karani," alisema hatimaye. "Karani mjinga wewe. Wiki nzima nimelia kwa ajili ya adabu za ofisini!"

"Mshirika, nitume wazee?"

"Watume. Lakini Jumapili. Jumamosi n'na darasa."

Vigelegele vya Nyanya Zubeida vilisikika pengine hadi Likoni. Ghassan, kwa heshima yake, alikunjua mikono ya shati na kupiga makofi, kisha akaenda kununua mihogo. Tsofa alimfuata, asije akala peke yake.

Hussam aligeukia kadi aimalize. Alichora gamba moja, nusu ya la pili, kisha mstari ukafifia, ukakatika. Alitikisa kalamu. Hakuna.

"Wino umekwisha," alisema kwa huzuni. "Na ilikuwa ya mwisho."

Nyuma yao mtu alikohoa. Abdulkadir alijipenyeza, akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikasha kirefu na kukifungua. Kalamu kumi na moja, nyeusi, za ncha nyembamba, zilikuwa zimelala ndani kama dagaa.

"Ami!" Malak akapiga kelele. "Si ulisema hamna nyingine?"

"Nilisema juu ya kaunta hamna," alijibu mzee, ndevu zimetulia kabisa. "Habari za chini ya kaunta, hakuniuliza mtu."

Wakazitazama kalamu, wakamtazama mzee, wakatazamana. Kumi na moja! Kila mmoja angeweza kuchukua tano na bado ikabaki. Malak alichagua moja, akaifungua, akaiweka mkononi mwa Hussam, na mkono wake hakuuondoa.

Gamba la mwisho walilichora hivyo, mikono miwili kwenye kalamu moja, na safari hii pia hakuna aliyeiachia.