Sura ya Pili ya Mwalimu Musimbi

Jumamosi hiyo saiba ya Kawangware, duka la kompyuta na nakala, ilikuwa imefurika mpaka nje. Mashine moja ya kutoa nakala ndiyo ilikuwa ikifanya kazi, na kila mtu alikuwa na haraka yake: mama mwenye ratiba ya mazishi, vijana wenye barua za kutafuta kazi, kwaya nzima iliyotaka nakala za nyimbo. Katikati ya msongamano huo alisimama Immaculate Musimbi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, katika rinda la kitenge cha manjano na raba nyeupe zilizokwisha kuonja matope ya asubuhi. Alikuwa amekumbatia karatasi zake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Madam, pole pole, unanikanyaga," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Hivi viatu ni vipya."

Musimbi aligeuka. Kijana mrefu mwenye miwani, shati jeupe lililonyooshwa pasi hadi kwenye kola.

"Viatu vipya, mvua imenyesha, na umekuja Kawangware? Hiyo ni kujitakia."

Kijana alicheka, akataka kujibu, lakini mwenye saiba alipaza sauti: "Nani wa kurasa arobaini? Chukueni vitu zenu, watu ni wengi!" Mikono ikarushwa juu ya kaunta. Musimbi alinyakua furushi lake, akapenya umati, akashika njia ya nyumbani Riruta Satellite.

Saa saba mchana, akiwa anakata sukumawiki, simu ililia.

"Niaje, mwalimu."

"Poa. Nani?"

"Ni yule wa viatu."

"Na namba yangu umetoa wapi?"

"Iko kwa karatasi ya kwanza, chini ya jina. Wewe umebeba fomu zangu, mimi nimebaki na utafiti wako. Naitwa Osewe."

Musimbi aliacha kisu, akalifungua lile furushi. Kweli, zilikuwa fomu tupu za kujiandikisha maktaba.

"Tafadhali usipoteze hizo karatasi. Zina maandishi ya msimamizi wangu."

"Nimeyaona. Nimesoma sura ya pili yote."

"Ati umefanya nini?"

"Nilikuwa natafuta jina la mwenye karatasi. Halafu ikanishika. Lakini huyu mtu wa kalamu nyekundu anauliza, 'Wako wapi walimu wa hapa kwetu?' Hata mimi nauliza. Watu wote umewataja hawajawahi kufundisha darasa la wanafunzi sabini."

Musimbi aliziweka fomu mezani. Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Utafiti wake wa uzamili ulihusu namna ya kufundisha wanafunzi kuandika insha. Darasani kwake kulikuwa na watoto waliosimulia visa mpaka wenzao wakashika mbavu, lakini ukiwapa karatasi wanaandika mistari sita mikavu na kupata alama saba kwa ishirini. Alitaka kujua kama kuwapa nafasi ya kuandika rasimu, kusomeana na kurekebishana kungewafungua. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa mapitio ya maandishi, hiyo sura ya pili, ambayo msimamizi wake, Daktari Kathini, alikuwa ameirudisha mara mbili. Mara ya tatu ingekuwa mbele ya jopo, na akishindwa hapo nafasi yake chuoni ingefutwa.

"Wewe ni nani wa kunisahihisha?" aliuliza hatimaye, lakini kwa sauti laini.

"Mimi hufanya kazi kwa maktaba, hapa Kibera, karibu na Ayany. Kutafutia watu vitu ndiyo kazi yangu. Kuja Jumatatu ukitoka shule. Leta fomu zangu, na ulete hizo insha za watoto."

Maktaba ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, chumba kirefu chenye meza za mbao na madirisha yaliyotazama paa za mabati hadi Kisumu Ndogo. Wanafunzi walikuwa wamejaa kila benchi. Osewe alimvutia kiti mbele ya kompyuta ya pekee, akaketi kando. Alinukia sabuni na karatasi za zamani.

"Nionyeshe vile wewe hutafuta."

Musimbi aliandika: Ni vipi mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kuandika insha bora?

Osewe aliziba mdomo asicheke. "Imma, unaongea na hiyo mashine kama mganga."

"Nani amekwambia uniite Imma?"

"Samahani. Mwalimu Immaculate Musimbi wa Satellite. Sikiza. Usitafute swali lako. Tafuta maneno ambayo waliojibu waliyatumia. Rasimu. Mrejesho. Madarasa makubwa. Halafu ukipata makala moja nzuri, usiiwache hivyo. Enda mwisho, soma marejeleo. Hapo utaona huyo mwandishi alitoka wapi. Kisha uliza nani amemtaja yeye. Hapo utaona wengine walienda wapi."

Walianza na makala moja ya walimu wa Kakamega. Ile ikawapeleka kwenye tatu nyingine, na zile tatu zikawapeleka kwenye hazina za mtandaoni za vyuo ambazo Musimbi hakujua kuwa zimefunguliwa kwa yeyote. Jioni hiyo aliondoka na vyanzo vitano, na tabasamu ambalo aliligundua tu alipopita kwenye kioo cha duka la dawa.

Akawa anakuja kila Jumatatu na kila Alhamisi. Osewe alisoma insha za wanafunzi wake na kuzicheka pale zilipochekesha. Alimletea chai ya tangawizi kwenye chupa, akamficha nyuma ya rafu ya atlasi ainywe, maana kula na kunywa kulikatazwa. Musimbi naye akaanza kuvaa hereni siku za Jumatatu. Walimu wenzake wakaanza kumuuliza huo utafiti una nini.

Wiki ya tano, Osewe alimpigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne.

"Bebi, umekaa chini?"

"Niko uwanjani, nachunga watoto. Na leo ni bebi?"

"Leo ni bebi. Nimepata tasnifu. Ya zamani, ya mwalimu wa Eastlands, ameandika juu ya kufundisha insha kwa madarasa ya watoto themanini. Rasimu, kusomeana, kila kitu. Iko nakala moja tu, chuo fulani, chumba cha chini. Hawaazimishi na hawakubali ipigwe nakala."

"Sasa nitafanya nini? Ninafundisha mpaka Ijumaa."

"Wewe fundisha. Mimi niko off kesho."

Kesho yake jioni alimkabidhi daftari. Kurasa kumi na nne, kwa mkono wake, herufi ndogo zilizosimama wima, kila nukuu na ukurasa ilikotoka. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba kwa kushika kalamu. Musimbi alikishika kile kidole, akakitazama, akakibusu, pale pale nyuma ya rafu ya atlasi.

"Sasa hiyo," alinong'ona Osewe, "sijui kama inakatazwa."

Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka siku ya semina chuoni, ambapo kila mwanafunzi wa uzamili alitakiwa kuonyesha alikofika. Aliyesimama kabla ya Musimbi alikuwa Valary, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akichunguza uandishi katika shule za msingi. Valary alifungua ukurasa wake wa vyanzo ukutani. Musimbi aliinuka nusu kitini asome vizuri. Ilikuwa orodha yake. Walimu wa Kakamega juu, tasnifu ya Eastlands katikati, mpangilio ule ule.

Semina ilipokwisha, alimshika Valary mkono nje. "Hizo vyanzo umetoa wapi?"

"Maktaba ya Kibera. Jamaa mmoja wa miwani alinionyesha. Kwani kuna nini?"

Musimbi hakungoja zaidi. Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Osewe, umepatia watu kazi yangu?"

"Orodha? Eeh, nimeibandika ukutani. Nilitaka uikute Alhamisi, iwe surprise. Imma, walimu wanaipenda sana, mpaka wa Mathare wamekuja..."

"Hukuniuliza!"

"Lakini ni vyanzo, si siri. Maktaba si kabati ya mtu."

"Na mimi si kitabu cha maktaba, niazimwe na kila anayepita! Jopo likiona kitu moja kwa watu wawili, nani ataaminiwa? Wiki sita, Osewe! Wiki sita nikidhani unanifanyia mimi."

"Nilikuwa nakufanyia wewe. Ngoja nikueleze..."

Alikata. Jioni alizuia namba yake. Kisha akaketi kitandani Satellite na hereni zake mkononi, akalia kwa hasira, na baada ya hasira kuisha akaendelea kulia.

Wiki tatu zikapita. Aliandika sura ya pili upya, mara mbili. Jambo lililomuudhi ni kwamba kila alipokwama alisikia sauti ile ile: nenda mwisho, soma marejeleo. Aliifuata, na sura ikanyooka. Kule Ayany, Osewe alikuwa akikosea kupanga vitabu. Atlasi zilikutwa kwenye rafu ya kemia.

Siku ya kutetea pendekezo ilifika. Musimbi alivaa suti ya kijani kibichi aliyoshonewa na fundi wa Kawangware, akasuka nywele mistari myembamba, akaingia ukumbini na daftari la kurasa kumi na nne kifuani. Wanaume wawili na Daktari Kathini waliketi mbele. Nyuma walikuwapo wanafunzi wenzake, Valary akiwamo.

Alizungumza dakika ishirini bila kukwama. Kisha mmoja wa watahini, mzee mwenye sauti nzito, akafungua kabrasha jingine.

"Bi Musimbi, vyanzo hivi nimeviona kwa mwanafunzi mwingine. Mpangilio ni ule ule. Nani alichukua vya nani?"

Musimbi aliweka daftari mezani. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimesimama mbele yake. Alifungua mdomo, lakini kabla hajasema, kiti kilisogezwa nyuma kwa kishindo.

"Ni mimi nilichukua vyake, na sikutaja jina lake," Valary alisema, akiwa amesimama. "Hata picha ninayo."

Alipeleka simu yake mbele. Daktari Kathini aliitazama, akainua nyusi, akampa Musimbi aione. Ilikuwa karatasi kubwa ukutani, kwa zile herufi ndogo zilizosimama wima: "Vyanzo vya Kufundisha Uandishi. Vimekusanywa na Mwalimu Immaculate Musimbi wa Satellite. Ukivitumia, taja jina lake." Chini, walimu waliovitumia walikuwa wameandika majina na shule zao. Musimbi alihesabu ishirini na watatu.

Hakuwa amewahi kuiona karatasi hiyo. Wala hakumpa Osewe nafasi ya kumweleza.

Alirudisha simu, akanyoosha mgongo.

"Daktari, orodha mtu yeyote anaweza kuichukua," alisema. "Niulizeni kilichomo ndani."

Wakamuuliza. Akaeleza makala ya Kakamega ilifaulu wapi na ilishindwa wapi. Akaeleza ni kwa nini yule mwalimu wa Eastlands aliacha kusahihisha kila kosa, na watoto wake wakaanza kuandika kurasa mbili badala ya nusu. Akasoma mistari mitatu ya mwanafunzi wake mwenyewe, rasimu ya kwanza na ya tatu, na yule mzee wa sauti nzito akaegemea mbele ili asikie vizuri. Walipomwita tena baada ya kushauriana, Daktari Kathini alikuwa amesimama.

"Mara mbili nilikuuliza wako wapi walimu wa hapa kwetu," alisema. "Leo umewaleta wote. Umepita, bila marekebisho."

Wenzake walipiga makofi na meza. Musimbi alimkumbatia Valary mpaka miwani ya Valary ikapinda, kisha akatoka mbio na suti yake ya kijani.

Saa tisa maktaba ilikuwa imejaa watahiniwa wa kidato cha nne. Osewe alikuwa juu ya ngazi, akirudisha vitabu. Alipomwona, kitabu kilimponyoka, kikaanguka pwaa. Ukuta wa mlangoni ulikuwa mtupu, umebaki na alama za gundi tu.

"Niliitoa," alisema akishuka, kwa sauti ya chini. "Siku ile ile. Nilipaswa kukuuliza kwanza, Imma. Kazi ilikuwa yako. Nilikosea."

"Na mimi nilipaswa kukusikiza. Nimeona picha leo. Iko wapi?"

Aliitoa kwenye droo. Musimbi aliikunjua, akaomba gundi, akaibandika mwenyewe mahali pake. Kisha akachukua kalamu na kuongeza mstari chini ya jina lake: "Pamoja na Osewe, mhudumu wa maktaba."

Osewe alisoma mstari ule mara mbili. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Jopo lilisemaje?"

"Nimepita. Bila marekebisho."

"Ai! Nilijua!" Alikuwa amesahau kunong'ona. Akaishusha sauti tena, akamshika mikono. "Imma, hizi wiki tatu nimeishi kama mtu aliyepoteza funguo ya nyumba. Sitaki tena. Nataka kukuoa."

"Sema kwa nguvu, hatusikii!" msichana mmoja wa benchi la nyuma alilalamika, na chumba kizima kikainua vichwa.

Osewe aligeuka, masikio yakimwaka. Akajikohoza.

"Nimesema," alitangaza, "nataka kumuoa huyu mwalimu!"

Kelele zilizolipuka zilisikika mpaka duka la dawa. Musimbi aliinua mkono kama alivyofanya darasani, na vijana wote wakanyamaza.

"Nimekubali," alisema. "Sasa someni."

Hakuna aliyesoma.

Jioni walitembea wameshikana mikono hadi Kisumu Ndogo, ambapo Amondi, mama yake Osewe, alikuwa nyuma ya marundo yake ya omena, dagaa wa ziwani, leso kiunoni, akibishana na mteja. Aliwaona kwa mbali. Akaacha ubishi, akaweka mikono kiunoni, akamkagua Musimbi kutoka misuko mpaka viatu.

"Ni huyu nyar Maragoli, huyu binti wa Kimaragoli, ndiye amefanya mtoto wangu akonde wiki tatu?"

"Ni mimi, mama," Musimbi alijibu.

"Na sasa?"

Musimbi alimtazama Osewe, aliyekuwa akitabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Sasa atanona."