Kikwembe Begani mwa Germaine

Gari la moshi la kwenda Kongolo lilikuwa limekwisha kupiga honi, na pale kwenye mizani ya mizigo watu wa Kindu walisukumana kama kuku waliomwagiwa mchele. Adolphine alifika na gunia kichwani, jasho likishuka hadi kwenye kola ya blauzi ya manjano aliyoishona mwenyewe kwa masista. Gunia lilikuwa la mchele wa kumtumia shangazi yake Kongolo. Katikati ya mchele alikuwa amewaficha samaki wa kukaushwa, maana behewa la samaki lilikuwa limejaa tangu asubuhi.

Mpimaji alikuwa kijana mrefu, kaputula yake nyeupe imepigwa pasi ikasimama yenyewe, soksi zimevutwa hadi magotini. Aliinama juu ya gunia, akanusa.

"Dada, huu muchele uliuvua kwa ndoano ao kwa wavu?"

Watu wakacheka. Adolphine akasogea karibu, akashusha sauti. "Kaka yangu, fumba pua kidogo. Ni samaki wa shangazi, siku moja tu."

"Nikiifumba leo kwa sababu uko muzuri, kesho nitaifumba kwa kila muzuri wa Kindu. Utapenda?"

"Nani alikuambia nitakuwa hapa kesho kukuangalia?"

"Hakuna. Mie njo mwenye kuomba."

Adolphine akafungua gunia mbele ya wote, akawatoa samaki mmoja mmoja, uso ukimwaka. Akaondoka bila kuaga. Lakini alipofika kwenye njia ya mto Lualaba alikuwa anacheka peke yake. Wakati ule wa Wabeleji, mtu mwenye kofia ya kazi alijua kukifumbia macho kila kitu, na huyu alikuwa amekataa hata kufumba pua.

Jumapili baada ya misa alimkuta anamngoja kando ya mlango wa kanisa.

"Samaki walifika kwa shangazi?"

"Tuliwala, bwana mizani."

"Bila kunialika?"

"Ungewapima tena mezani."

Hivyo ndivyo mapenzi ya Adolphine na Anaclet yalivyoanza. Anaclet alikuwa mtu wa Pangi, ng'ambo ya mto. Alikuja nyumbani mchana, kwa mlango wa mbele, akasalimia baba kwa mikono miwili. Wazee wa Adolphine wakaongea na ndugu zake wa Kindu, mahari ikapokelewa, na siku ikafika padri akasoma majina yao kanisani kwa mara ya kwanza. "Anayejua kizuizi cha ndoa hii," alisema, "amefungwa na dhamiri yake kukisema." Adolphine alimtazama mpenzi wake kwa furaha. Anaclet alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

Siku chache baadaye, Adolphine alikuwa uani anamenya karanga alipoingia mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, miguu ina tope la bandari ya mitumbwi, kifurushi mkononi.

"Hapa njo kwa muchumba wa Anaclet?"

"Njo mie, mama. Karibu, ukae."

"Usiniite mama. Mie Germaine. Wazee wa Pangi wanasema mie na weye tuko wake wenza."

Karanga zikabaki mkononi mwa Adolphine. Germaine akaeleza taratibu, kama mtu aliyetumwa. Mume wake, kaka mkubwa wa Anaclet, alikufa. Siku ya kumaliza matanga, wazee walimketisha mjane kwenye mkeka, wakamwita Anaclet, naye akamtia kikwembe kipya, nguo ya kujitanda, begani mbele ya ukoo. Kwao, kikwembe kile ndicho ndoa. Mwenye kukitia amemrithi mjane. Sasa wazee walikuwa wamesikia habari za kanisa, wakampandisha Germaine kwenye kamyo ya mizigo: enda ukae kwa bwana yako kabla hujasahauliwa.

Jioni, Anaclet alipotoka kazini, Adolphine alimpokea akiwa amesimama.

"Sikumugusa, Ado. Hata siku moja. Mungu njo shahidi."

"Mungu alijua. Na mie je? Na mompere je? Alipouliza kizuizi, ulitafuta nini kwenye viatu?"

"Nisikie, kipenzi. Ningekataa, wangemufukuza kwa nyumba na watoto wangebaki kwa ukoo. Nilijiambia: hiki kikwembe tu, hakina mudomo. Nitakiweka, kisha nirudi kazini."

"Basi leo kimepata mudomo. Kimekaa jikoni kwetu, kinakula."

Anaclet akanyoosha mkono. Adolphine akarudi nyuma hatua, akaingia ndani kulia.

Mama yake, Émilienne, akamfuata. "Nyamaza, mwanangu. Mutaa wote umesikia matangazo. Yule atabaki Pangi, weye utabaki Kindu. Wangapi wanaishi hivyo na wanapokea komunyo?"

"Mama, hao wangapi njo wananitisha."

Ninyi mabinti, hapa ndipo wengi huanguka, na anayewasukuma mara nyingi ni mama mwenyewe, kwa kuogopa macho ya majirani. Uongo uliofunikwa kwa shela ya arusi haufi. Unazaa pamoja na ninyi, unakula nanyi, na siku moja unawaita watoto wenu kwa jina.

Asubuhi Adolphine alimpelekea Germaine chai, akaketi naye.

"Dada, wazee wamesema yao. Weye unataka nini?"

Germaine akaweka kikombe chini. "Tangu matanga, weye njo wa kwanza kuniuliza. Bwana nilimuzika. Anaclet nilimubeba mugongoni akiwa mutoto, namna gani awe bwana yangu? Nataka nyumba, shamba langu la mupunga na watoto wangu. Basi."

Adolphine akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwanza kwa padri kuomba matangazo yasimame, kisha akaenda kwenye mizani, watu wakiwapo.

"Utaenda Pangi na Germaine," alimwambia Anaclet. "Pale pale ulipokitia kikwembe, mbele ya wale wale, mchana, useme huyu si muke wako. Lakini asipoteze nyumba wala watoto. Ukimuacha inje ili unioe mie, usirudi kwangu."

"Baba mudogo atanilaani, Ado."

"Najua."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa. Nitalia, kisha nitashona. Lakini sitasimama mbele ya altare na mutu nusu."

Anaclet akaomba ruhusa kazini, akavuka mto na Germaine. Jumapili iliyofuata majina hayakusomwa. Sokoni wanawake waliimba kwa mafumbo. "Blauzi ya manjano imepauka!" mmoja akasema. "Nitaitia rangi," Adolphine akajibu, akaendelea kuchagua nyanya. Usiku alikuwa akiuma mto wa kulalia ili mama asisikie kilio.

Anaclet alirudi mchana wa jua kali, kwenye mtumbwi wa Wagenya, wavuvi wa mto, kaputula nyeupe imekuwa rangi ya barabara. Adolphine alikuwa bandarini. Hakumkimbilia.

"Sema."

"Nilisema yote. Baba mudogo alipiga fimbo chini, akasema mie si mutoto wao tena. Nikawaambia: sehemu yangu ya mali ya baba, michikichi na kiti changu cha barazani, ichukuliwe na watoto wa kaka, na nyumba iwe yao, mama yao aishi ndani. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Wakakubali. Lakini kwa ndoa yetu hatakuja hata mutu mumoja wa kwetu." Akageukia mto. "Hata mama yangu, Ado. Walimukataza."

"Na kikwembe?"

"Germaine alikitoa mwenyewe. Alisema atabebea mutoto wake wa mwisho."

Adolphine akamshika mkono mbele ya wapiga kasia wote, nao wakapiga mluzi.

"Sasa nakuomba upya," Anaclet akasema. "Sina ukoo nyuma yangu. Utanitaka hivyo?"

"Kwanza ingia kwa mompere, umwambie ulichonificha. Mie nitakungoja inje."

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Anasema matangazo yaanze mwanzo, mara tatu kamili."

"Tuanze mwanzo. Lakini nijibu mbele ya kanisa, kipenzi changu: iko kitu kingine unanificha?"

Anaclet akafikiri. Akasogeza mguu mmoja, akasogeza wa pili.

"Iko moja. Sombe ya mama yako, yale majani ya muhogo anapika. Siipendi. Kila mara naimeza kwa maji."

Adolphine akacheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Kisha akajipangusa macho, akamgeuza kwa mabega kuelekea nyumbani kwao.

"Twende. Hiyo utamwambia mwenyewe, leo."