Gari la Nane la Abu Hamour

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Philipo alifika yadi ya magari ya Abu Hamour kumpokea Job zamu. Wakazunguka pamoja wakihesabu makava, kama walinzi wa pale walivyozoea. Magari manane mapya ya umeme yalikuwa yamepangwa nyuma ya karakana, kila moja limefunikwa kava la kijivu, maana vumbi la Doha halibishi hodi. Saba yalikuwa sawa. Kava la nane lilikuwa limelala chini, na gari halikuwepo.

"Wee! Job, gari liko wapi?" Philipo akauliza.

Job aliinua kava akatazama chini yake, utadhani gari ni shilingi. Kisha akaketi pale pale kwenye sakafu.

Saa mbili unusu Jebet alikuwa ameshafika Abu Hamour. Jebet alikuwa msimamizi wa walinzi wote wa kampuni yao ya ulinzi upande wa kusini wa jiji, mama wa Kikalenjin mwenye sauti ya chini na subira ya mtu anayechemsha githeri. Hakuwa polisi. Lakini mlinzi wake akiambiwa mwizi, yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua kama ni kweli.

Meneja wa kampuni ya magari, Mlebanoni aitwaye Bwana Fadi, alimpokea ofisini kwa kikombe cha chai ya karak na uso uliokunjamana.

"Madam Jebet, nakuheshimu," alisema. "Lakini kesho asubuhi mkaguzi wa serikali anakuja. Unaelewa maana yake?"

"Nieleze."

"Mpango ni huu: ukitoa magari yako ya petroli yakasagwe na ukanunua ya umeme, serikali inakurudishia sehemu ya bei. Lakini mkaguzi lazima aone kila gari kwa macho yake kwanza. Leo nina saba. Na kanda ya kamera ya geti nimeiangalia yote, toka jua kuzama hadi kukucha. Hakuna gari la umeme lililotoka. Hakuna! Geti ni moja, ukuta ni mrefu. Basi mlinzi wako amefuta kipande cha kanda, khalas."

"Job hata simu yake humshinda," Jebet alisema.

"Baada ya sala ya alasiri nawapigia polisi. Mpaka hapo ni wako."

Jebet alijua maana ya hilo. Kesi, kifungo, halafu ndege ya kurudishwa nyumbani bila ruhusa ya kurudi tena. Alimkuta Job kwenye kibanda cha geti, simu yake ikiita na kunyamaza, ikiita na kunyamaza.

"Ni nani huyo?"

"Kijana wangu, Brandon. Kila Ijumaa tunaongea kabla hajaenda kucheza mpira." Job alifuta uso kwa kiganja. "Nitamwambia nini, madam? Kwamba baba yake ni mwizi wa magari?"

"Utamwambia jioni. Sasa niambie mimi. Ulipoingia zamu jana jioni, uliona magari mangapi?"

"Nane."

"Magari, au makava?"

"Makava. Bro Trevor alikataza mtu kugusa. Anasema tukifunua ovyo vumbi litakwaruza rangi. Tunahesabu kwa macho."

Trevor ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari pale, Mkenya kama wao. Ndiye pia aliyemtafutia Job nafasi ya kulinda yadi ile, na Job hakuacha kumwombea kwa hilo.

"Nani aliingia jana usiku?"

"Watu wawili tu. Arnold, yule dereva Mganda, aliingia saa mbili akaenda huko nyuma, akatoka kwa miguu na begi. Halafu Bro Trevor. Alikuja kama saa nne, kwa miguu, akasema teksi imemwacha barabarani. Akatoka na lile gari kuukuu."

"Gari kuukuu lipi?"

"La petroli, madam. Yale yanayopelekwa kusagwa. Nilimfungulia, akanipungia mkono."

Jebet alikwenda nyuma ya karakana peke yake.

Alisimama muda mrefu mbele ya nafasi ya nane. Kwenye zile saba, waya mnene wa chaja ulitoka ukutani ukaingia chini ya kava. Kwenye ya nane, waya ulikuwa umeviringishwa ukutani, na kichwa chake bado kimevaa nailoni ya dukani. Sakafuni, mahali lilipokuwa gari, palikuwa na doa jeusi linalotosha kiganja. Jebet alichuchumaa, akagusa kwa tishu, akanusa. Akaikunja tishu akaiweka mfukoni, magoti yakilia kwa kulalamika.

Alirudi kwa Bwana Fadi. "Magari yenu ya petroli yako wapi?"

"Yameshasagwa. La mwisho liliondoka Jumatatu. Trevor mwenyewe ameyapeleka yote."

"Na jana usiku, kwenye kamera, hukuona gari kuukuu likitoka?"

"Nilimwona Trevor anaenda kwake na gari lake. Mimi natafuta gari jipya jeupe, sio makopo." Fadi aliinamia meza. "Sikiliza, kama si mlinzi wako ni Arnold. Alitaka apewe lile gari la nane, mimi nikakataa, akanipigia kelele hapa hapa. Na leo simu yake imezimwa. Mtu asiye na kosa anazima simu?"

"Leo ni Ijumaa," Jebet alisema. "Ngoja nikamwone alipo."

Ijumaa ndiyo Jumapili ya Wakristo wa Doha. Mesaimeer, kule kwenye makanisa, watu walikuwa wametapakaa wakiwa na nguo zao zilizopigwa pasi: Wafilipino, Wahindi, Wanigeria, na kwenye kona yao Wakenya na Waganda wakisalimiana kana kwamba hawajaonana mwaka. Arnold alikuwa anatoka ibadani, shati jeupe limemganda mgongoni kwa joto. Kando yake alikuwa Sista Fiona, nesi wa Kikenya aliyeongoza maombi ya kikundi chao, mwanamke mfupi ambaye akisema amina hata mlango wa lifti husikia.

Jebet alimweleza Arnold habari yote. Kijana akashika kichwa.

"Banange! Mimi? Madam, mimi simu nazima kila nikiingia kwa kanisa."

"Jana usiku ulifuata nini kule nyuma?"

"Begi langu la viatu. Lilibaki karakana, na leo nilikuwa naimba, nimevaa hivi viatu." Aliinua mguu. Vilikuwa viatu vyekundu vya ngozi, vinang'aa vibaya sana.

"Amina kwa viatu," Sista Fiona alisema. "Na ni kweli aliimba. Vibaya, lakini aliimba."

Jebet alitabasamu kidogo. "Na lile gari la nane ulilitaka kwa nini?"

"Nani hataki gari jipya? Wenzangu saba wamepewa, mimi niko na minibasi ya wafanyakazi. Nikamwomba Trevor anionyeshe tu ndani, nikae kidogo kwa siti. Akakataa. Eti ni la akiba, lisiguswe. Hata siku ya kuombea magari hakulileta."

"Siku gani hiyo?"

Sista Fiona ndiye aliyejibu. "Dada, sisi tukipata kitu kipya tunakiombea, unajua. Wale madereva saba walipewa ruhusa ya kuyazoea magari, wakayaleta hapa nje kwenye maegesho, Ijumaa moja mwezi uliopita. Tukayawekea mikono, nikapaka mafuta kila usukani, tukanywa soda. Trevor akaja na mikono mitupu. Nikamuuliza, mbona lako unaliacha yatima? Akasema likipata dereva ndipo litaombewa. Nikamwambia basi nitakuja yadini mwenyewe, dakika tano tu. Akanizungusha, leo hapana, kesho hapana, mpaka nikachoka."

"Kwa hiyo hukuwahi kuliombea?"

"Sijawahi hata kuliona."

"Sista," Jebet alisema, "una nafasi mchana huu?"

Saa nane na nusu walikuwa wote mbele ya nafasi ya nane: Bwana Fadi akijipangusa jasho, Arnold na viatu vyake, Job amesimama wima kama yuko kwenye gwaride, na Trevor, aliyeitwa kutoka nyumbani, kijana mtanashati mwenye miwani ya jua kichwani. Sista Fiona alibaki upande wa pili wa karakana, kivulini, kwa ombi la Jebet.

"Pole sana, Job," Trevor alisema kwa upole. "Pengine ulisinzia tu. Inatokea, kaka. Sote ni binadamu."

Job akamtazama kwa shukrani, maskini.

"Trevor, nisaidie," Jebet alisema. "Hili gari lilikaa hapa mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, dada. Mimi ndiye nililifunika."

"Na kulichaji?"

"Naam. Kila wiki."

"Kwa waya gani? Huu bado una nailoni."

Trevor alicheka kidogo. "Nilikuwa nachomeka waya wa jirani. Wa saba unafika."

"Sawa. Na hili doa hapa chini ni la nini?"

Trevor aliinama. Alilitazama doa kama mtu anayeliona mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa, maana usiku uliopita kulikuwa na giza. Fadi aliinama naye akatazama.

"Ah, hilo," Trevor alisema. "Hilo ni mafuta ya maombi. Bwana Fadi, sisi kwetu gari jipya linaombewa, linapakwa mafuta. Uliza hata hawa. Sista Fiona alikuja hapa akaliombea, mafuta yakamwagika."

"Alikuja hapa?"

"Alikuja. Tukaomba vizuri sana."

"Nilikuja na nani, Trevor?" Sista Fiona aliuliza, akitokea kwenye kona. "Maana mimi mwenyewe sikumbuki."

Sista akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo, akadondosha tone moja kwenye tishu safi. Jebet akatoa ile ya mfukoni. Akaziweka mbili hizo juu ya boneti la gari la saba, mbele ya Bwana Fadi. Moja ilikuwa na alama ya manjano, inanukia zeituni. Nyingine ilikuwa nyeusi ti, inanuka kuungua.

"Bwana Fadi," Jebet alisema, "gari la umeme lina injini ya kutia oili?"

"Halina," Fadi alisema polepole. "Hii... hii ni oili ya injini."

"Basi chini ya kava hili palikuwa na gari la petroli. Mojawapo ya yale uliyoambiwa yamesagwa. Walinzi walihesabu makava manane kila siku, na makava yalikuwa manane kweli. Jana usiku Trevor aliingia kwa miguu akatoka akiendesha lile gari kuukuu. Kamera yako haikudanganya, wala Job hakufuta chochote. Gari la umeme halikutoka usiku huo kwa sababu lilishatoka zamani. Liko wapi, Trevor?"

Trevor alivua miwani, akaikunja, akaikunjua. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai.

"Liko gereji, eneo la viwandani. Nilikuwa nimemkodisha mtu wa Lusail, kwa mwezi. Nilijua mkaguzi akikaribia nitalirudisha. Wiki jana yule mtu akaligonga kwenye nguzo. Mbele yote imekwisha."

"Lakini kwa nini?" Fadi alifoka. "Mshahara wako mzuri!"

"Naijenga nyumba nyumbani. Imefika kwenye lenta imekwama miaka miwili, na kila nikipiga simu mama ananiuliza ni lini nitaweka mabati. Gari lilikuwa limekaa tu, mudir. Limekaa bure." Alishusha macho. "Kama mkaguzi angefunua kava kesho, ningekwisha. Likiibiwa, bima inalipa, maisha yanaendelea."

"Maisha ya nani?" Jebet aliuliza.

Job ndiye aliyesogea mbele. Alikuwa mtu mkubwa, na Arnold akainua mkono kumzuia, lakini Job hakuwa na ugomvi. Alitaka kujua tu.

"Bro, tuko walinzi wanne hapa. Mbona ulichagua zamu yangu?"

"Job..."

"Niambie tu."

"Wale wengine wangeniuliza naenda wapi na lile gari," Trevor alisema. "Nilijua wewe utafungua geti."

Job aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Machozi yalimtoka hapo hapo, mchana kweupe, mbele ya meneja, na hakuyafuta.

Bwana Fadi alipiga simu polisi kabla ya adhana ya alasiri. Gari lilipatikana gerejini jioni ile, pua imepondeka, na kuhusu marejesho yake Fadi alisema atazungumza na mkaguzi, inshallah. Alimpa Job mkono, akasema samahani kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kisha akamtumia biriani ya watu watatu. Job aliila na Arnold na Philipo. Halafu akampigia Brandon, wakaongea mpira tu.

Jumamosi jioni Jebet alipita Abu Hamour kuona hali. Job alikuwa kwenye zamu kama kawaida, kofia imenyooka. Jebet alipiga honi kidogo, akashusha kioo, akampungia mkono kama alivyompungia kila wiki kwa miaka miwili.

Mti wa geti haukuinuka. Job alikuja dirishani na tochi.

"Habari ya jioni, madam. Tafadhali zima gari ufungue buti."

"Job, ni mimi."

"Najua ni wewe, madam," Job alisema. Alisubiri.

Jebet alizima gari, akashuka, akafungua buti.