Kirikuu ya Kwenye Picha

Karoti za Magamba hazipendi kusubiri. Ukizing'oa alfajiri na kuziosha kijitoni, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Zikikaa mpaka kesho, zinalegea kama masikio ya mbuzi mzee.

Rajabu na mkewe Mwanamisi walilijua hilo vizuri. Hawakuwa na gari. Walikodi gari la mtu wa Soni, naye alikuja alipojisikia. Siku nyingine alifika saa mbili asubuhi. Siku nyingine alifika saa nane mchana, akila muwa. Wakifika sokoni, dalali alizibonyeza karoti kwa kidole.

"Hizi ni za sungura," alisema. Kisha alitaja bei ya sungura.

Ndiyo maana Mwanamisi alikubali kuuza ng'ombe wake. Alimpata ng'ombe yule akiwa ndama mgonjwa, hata kusimama hawezi. Alimnywesha maziwa kwa mkono. Alimkatia majani miaka mitano. Siku mnunuzi alipomfungua kamba, Mwanamisi aliingia jikoni akafunga mlango.

Jioni alimwambia mumewe, "Baba Latifa, hela ya ng'ombe wangu isiguse kitu kingine. Ni ya gari."

"Ni ya gari tu, Mama Latifa," Rajabu aliitikia.

Waliichanganya na akiba yao ya karoti. Zilifika milioni tano. Rajabu akaanza kutafuta gari kwenye simu.

Alitaka kirikuu, yale magari madogo yenye bodi nyuma, yanayobeba mizigo. Kila kirikuu aliyoiona ilikuwa milioni nane, tisa, hata kumi. Asubuhi moja aliona nyingine. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, matairi meusi tii. Chini yake iliandikwa: "Bei ya kutupa, milioni nne na nusu. Mwenyewe anasafiri."

Rajabu akaandika pale pale, mbele ya watu wote wa mtandaoni: "Mimi Rajabu wa Magamba, Lushoto. Nataka gari la kubebea karoti. Hiyo bado ipo?"

Haikupita saa moja, simu ikalia.

"Onga mshi!" sauti ilimsalimia kwa Kishambaa.

Moyo wa Rajabu ukalainika kama siagi juani. Mtu huyo alisema anaitwa Heri, kwao ni Mtae, lakini yuko Dar es Salaam kikazi. Walizungumza Kishambaa kirefu. Waliulizana habari za mvua, za maharage na za barabara mbovu ya Mtae.

"Kaka, gari hili lilikuwa linabeba mboga tu," Heri alisema. "Nikuuzie wewe wa nyumbani kuliko kumpa mtu nisiyemjua. Nitumie laki mbili ya kushikia gari. Iliyobaki utatuma kesho, dereva alilete mpaka Mombo."

Rajabu akatuma laki mbili. Alituma kwanza, akamwambia mkewe baadaye. Wanaume wengine hufanya hivyo, halafu hushangaa chai ikiwa haina sukari.

"Umeliona hilo gari?" Mwanamisi aliuliza.

"Nimeliona. Picha sita."

"Nimekuuliza gari, sijakuuliza picha."

"Mama Latifa, huyu ni Mshambaa mwenzetu. Wa Mtae! Hawezi kutudanganya."

"Mbegu za viazi ukinunua, hata kwa kaka yako wa tumbo moja, unamwaga gunia zima chini uone za katikati. Mwaka jana ulimwaga magunia matatu barabarani, watu wakashindwa kupita. Leo gari zima hujaligusa hata gurudumu!"

Rajabu alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

Asubuhi yake Heri alipiga simu mara nne. "Kaka, tuma hela kabla ya adhuhuri. Kuna mtu amekaa hapa, hela anazo mkononi. Nakuhurumia wewe tu."

Rajabu alikuwa ameshavaa koti aende kutuma. Mwanamisi alisimama mlangoni. Hakupiga kelele.

"Pita kwanza kwa Fundi Clemence," alisema. "Akisema tuma, tuma. Mimi sitasema neno."

Clemence alikuwa jirani yao. Gereji yake ilikuwa Soni, lakini siku hiyo Rajabu na mkewe walimkuta nyumbani anapalilia kabichi zake. Alikuwa Mchaga aliyeoa Magamba miaka ishirini iliyopita. Aliwasikiliza mpaka mwisho, amejiegemeza kwenye mpini wa jembe.

"Jirani, kwa nini unamwamini huyu mtu?" aliuliza.

"Anaongea Kishambaa safi."

Clemence akajibu kwa Kishambaa, haraka haraka, maneno mengi. Mwanamisi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umesikia?" Clemence alirudi kwenye Kiswahili. "Na mimi ni Mchaga! Kwa Kishambaa hiki ungenipa milioni nne?"

"Kukupa wewe? Hata kwa Kiarabu nisingekupa."

"Basi. Lugha ni ya kusalimiana. Haikuonyeshi injini."

"Lakini alijua kwamba mimi ni mkulima wa karoti. Alijua natoka Magamba."

"Nani alimwambia?"

Rajabu aliangalia simu yake. Maneno yake yalikuwa bado pale: jina lake, kijiji chake, na karoti zake.

"Nilimwambia mwenyewe," alisema taratibu.

"Ulimpa kamba, akaja kukufunga nayo," Clemence alisema. "Usione haya. Mimi ni fundi, na bado niliwahi kununua injini kwa picha. Ilikuja kwenye boksi zuri. Ndani mlikuwa na vyuma chakavu na tofali moja. Tofali lile nililiweka chini ya mguu wa kitanda, likawa ndilo tofali ghali kuliko yote Tanzania. Sasa mpigie. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Rajabu akapiga.

"Ndugu Heri," alisema, kama Clemence alivyomfundisha, "mdogo wake jirani yangu, anaitwa Yusta, anakaa Dar es Salaam. Nielekeze gari lilipo, aje alione leo. Akiliona, tunalipa."

Heri alijibu haraka.

"Gari limefungiwa stoo, kaka. Haruhusiwi mtu kuingia."

"Basi tupigie simu ya video. Tuonyeshe namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye chuma. Tuonyeshe na kadi ya gari."

"We kaka vipi? Huniamini? Sisi ni ndugu! Tuma hela, au nampa huyu mwingine."

"Mpe huyo mwingine," Mwanamisi alisema kutoka nyuma.

Simu ikakatwa. Walipopiga tena, haikupatikana.

Clemence alichukua simu akatafuta mtandaoni. Baada ya muda akawaonyesha. Ilikuwa kirikuu ile ile nyeupe, picha zile zile. Hata jogoo aliyepita nyuma ya gari alikuwa yule yule. Ila tangazo hili lilisema gari liko Mwanza, na muuzaji alikuwa na jina jingine.

Rajabu alikaa kwenye tuta la kabichi. "Laki mbili," alisema.

"Laki mbili zimekwenda," Mwanamisi alijibu. "Ungetuma zote, ng'ombe wangu angekwenda mzima."

Mchana huo walikwenda kituo cha polisi Lushoto. Rajabu alionyesha namba ya simu, meseji zote na risiti ya kutuma hela. Askari aliandika kila kitu, kisha akawaambia waitaarifu kampuni ya simu pia. "Mngekuja jana ile ile mliyotuma, ingesaidia zaidi," alisema. "Hela kama hizi hutolewa upesi. Tutafuatilia, lakini siwaahidi kwamba zitarudi."

Na kweli, mpaka leo hazijarudi.

Walilima msimu mwingine. Karoti zilibebwa na mtu yule yule wa Soni, mla miwa. Hela ya ng'ombe ilikaa benki. Rajabu alikuwa mpole sana msimu huo. Hata viazi vya mboga alimenya.

Walipofikisha milioni sita na nusu, walianza kutafuta tena. Simu waliitumia, maana simu yenyewe haina kosa. Inakuonyesha gari lilipo. Baada ya hapo lazima utumie miguu yako.

La kwanza lilikuwa Tanga mjini. Walikwenda watatu: Rajabu, Mwanamisi na Clemence. Walikutana na muuzaji mchana kweupe, kwenye kituo cha mafuta chenye watu wengi. Hawakubeba hela. Gari lilikuwa linang'aa mpaka Rajabu akajiona sura mlangoni.

"Zuri hili!" alisema.

Clemence alitandika gunia chini, akalala chali, akaingia chini ya gari na bisibisi. Wakasikia kitu kinapasuka kama biskuti.

"Njoo uone, jirani."

Rajabu alilala kando yake. Chuma cha chini kilikuwa kimeliwa na kutu, kimebaki ganda. Bisibisi ilipita kama inaingia kwenye ndizi.

"Hii ni chumvi ya bahari," Clemence alisema. "Juu wamepiga rangi mpya. Sisi watu wa milimani hatuna chumvi hewani, kwa hiyo tunatazama rangi tu. Ukipakia magunia kumi hapa, gari litavunjika mgongo kwenye kona za Soni. Na chini kuna bonde."

Waliaga kwa adabu wakaondoka. Nauli ya watu watatu iliwauma, lakini mtu akijua anaepuka nini, maumivu hupungua.

La pili lilikuwa Korogwe, la mama mmoja mwenye duka la nafaka, anayeitwa Dorkasi. Rangi yake ilikuwa imefifia na mlango mmoja ulikuwa umebonyea, ndiyo maana bei yake waliimudu. Mwanamisi alikunja uso.

"Mlango niliubonyeza mwenyewe kwa mti wa mwarobaini," Bi Dorkasi alisema. "Mti hauna kosa. Nauza kwa sababu macho yangu yamechoka."

Alitoa kadi ya gari, kadi halisi na siyo nakala. Clemence alimwambia Rajabu asome namba za chesisi na za injini kwenye kadi, tarakimu moja moja. Yeye alizisoma kwenye chuma. Zililingana zote. Jina kwenye kadi lilikuwa Dorkasi, na kitambulisho chake kilisema hivyo hivyo.

"Wengine hutoa nakala tu," Clemence alieleza, "kwa sababu kadi yenyewe wameiweka rehani kwa mkopo. Ukinunua hapo, siku moja mkopeshaji anakuja kuchukua gari lake shambani kwako."

Walikwenda pamoja ofisi ya mapato kuhakikisha gari ni la nani na kama lina madeni. Waliangalia pia kama lina faini za barabarani. Ilikutwa faini moja.

"Ya mwendo kasi," Rajabu alisema, akimtazama Bi Dorkasi.

"Nilikuwa nawahi mazishi," alijibu, akailipa pale pale.

Kisha Clemence aliomba jambo la mwisho. "Mama, njia ya Korogwe ni tambarare. Hata baiskeli ni gari huku. Tukubalie tulipandishe mpaka Soni, na mzigo nyuma."

Walipakia magunia ya mahindi dukani kwake. Kutoka Mombo barabara ilianza kupanda, na kona zikafuatana. Clemence aliendesha, Bi Dorkasi alikaa kando yake, Rajabu na Mwanamisi wakakaa juu ya magunia. Gari lilinguruma, likapunguza mwendo, likaendelea. Soni walisimama. Clemence alifungua boneti akatazama injini. Maji hayakuchemka. Oili haikuvuja. Walipokuwa wakishuka, alizipima breki.

"Hili sasa ni gari," alisema.

Siku iliyofuata waliandikishana mkataba mbele ya mwanasheria, na mashahidi wakatia sahihi. Hela ililipwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililokuwa kwenye kadi. Bi Dorkasi aliiona imeingia, ndipo akakabidhi ufunguo na kadi. Hawakuishia hapo. Walikwenda wote kubadilisha umiliki, maana gari lenye jina la mtu mwingine halijawa lako bado.

Karani wa ofisi alikuwa na kalamu tayari.

"Jina la mmiliki mpya?"

Mwanamisi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, anafunga vizuri kanga yake. Alijua jibu. Gari la nyumbani huandikwa jina la baba.

Rajabu alikohoa, na safari hii pia hakuwa na kikohozi.

"Andika Mwanamisi," alisema. "Mimi gari langu lilikuwa la kwenye picha."

Karani akainua kichwa. "Mwanamisi nani? Aje atie sahihi."

Mwanamisi alisimama, akaenda mezani, akaishika kalamu.