Meseji ya Hamsini na Mbili

Mvua ya siku ya soko ilimkuta Ronah mjini Bwera, amevaa gauni la bluu na viatu visivyojua tope. Ofisini Kasese, kwenye kampuni ya kununua kahawa, yeye ndiye aliyekuwa akiwatumia matangazo ya simu wafanyakazi wa maghala yote. Akajibanza kibandani kwa muuza vitenge. Kando yake alisimama kijana mrefu, vumbi la kahawa kwenye nyusi, simu yake ikilia bila kukoma.

"Huitazami?"

"Ni ule mama ya ofisi Kasese. Anatuma meseji hamsini kwa siku. Nafikiri hana bwana."

"Hana. Ndiye mimi."

Kijana, jina lake Kathembo, alikosa pa kuweka macho. Ronah akacheka mpaka akashikilia vitenge vya watu.

Tangu hapo simu ikawa kila jioni.

"Mpenzi, umekula?" Kathembo angeuliza.

"Nimekula. Ripoti umetuma?"

"Uliza kama mutu mwenye kunipenda."

Mwezi wa tano babake Ronah, mkulima wa Kyondo, akakubali kumwona kijana. Ijumaa, kabla ya kupanda Kyondo kusiko na mtandao, Ronah akamwandikia: *Njoo Jumapili saa saba, baba anakungoja.* Mbuzi akachinjwa, mashangazi wakavaa gomesi, magauni yao ya sherehe, njia ikabaki tupu.

"Huyo ameshatujibu," babake akasema, akanawa mikono.

Siku tatu Ronah hakupokea simu za Kathembo, wala hakutulia. Ya nne akapanda gari hadi ghalani Bwera, akagombane naye uso kwa uso.

"Nimekukosea nini?" Kathembo akauliza, akampa simu yake.

Meseji sitini na tatu za Ijumaa ile, zote za Ronah. Mwaliko ulikuwa wa hamsini na mbili, chini ya masahihisho ya masahihisho ya fomu. Haujafunguliwa. Ronah akazisoma zote, akachoka.

Akamgeukia Enid, mtunza ghala. "Asubuhi mnahitaji kujua nini?"

"Bei, na gari inafika saa ngapi."

"Na hayo mengine?"

"Tunafuta, dada."

Ilimchoma. "Kuanzia kesho ni meseji moja, kabla ya saa mbili," akasema.

Kisha akamvuta Kathembo nje. "Jumapili utamwomba baba radhi, halafu utaomba kunioa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Nimuombe radhi, halafu niombe kukuoa. Akikataa?"

"Utarudi Jumapili nyingine."

Alisema hivyo, lakini moyo haukumtulia mpaka Jumapili, alipomwona akipanda kilima cha Kyondo, shati jeupe limelowa jasho, amewahi kwa saa mbili nzima.