Pipa la Maji ya Bahari ya Watu

Kila asubuhi niliosha mchele, nikabandika chai, nikamsuka Mahrokh nywele. Kisha nilikwenda nyuma ya mlango nikalinusa koti la mume wangu. Usinicheke. Koti lenyewe halikuwa na harufu yoyote. Nililifua mwenyewe.

Kwa miaka kumi na miwili nilimgombeza Ghorban kwa sababu ya koti lile. "Livue nje! Nyumba nzima inanuka kilka!" Yeye alicheka tu, akalitundika palepale. Siku alipoondoka kwenda kusini nilikuwa na hasira, nikalifua kwa sabuni mara tatu. Wiki moja baadaye ningetoa chochote nipate ile harufu.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa kilka. Kilka ni dagaa wa bahari yetu, Bahari ya Kaspi. Ana urefu wa kidole. Huvuliwa kwa taa. Mashua huteremsha taa majini, samaki hukusanyika penye mwanga, kisha wavu huwanyanyua. Zamani, ukitoka kibarazani kwetu Anzali baada ya chakula cha jioni, uliona taa zimejipanga baharini mpaka mwisho wa macho. Nilikuwa namwonyesha binti yetu. "Ile ya tatu kutoka kushoto ni ya baba yako." Nilikuwa namdanganya. Sikujua ni ipi.

Kisha wavu ukaanza kupanda na ute. Walikuwa viumbe laini, unaona kila kitu kupitia miili yao, wadogo kama ndimu. Hawawashi, hawaliki, ukiwashika wanayeyuka mkononi. Wavuvi waliwaita "ute". Mwaka wa kwanza walikuwa wachache, watu wakafanya utani. Mwaka wa tatu wavu ulijaa ute mtupu, na kilka wa kuhesabu. Mashua zikafungwa gatini moja baada ya nyingine. Taa zikapungua baharini, mpaka jioni moja nikatoka nikakuta giza.

Ghorban akaenda Asaluyeh, kule kusini kwenye joto, kufunga mabomba ya gesi. Alipiga simu kila Ijumaa. Hakuanza na salamu.

"Taa zipo?"

"Hamna."

"Ukiziona tu, niambie. Hata kama niko juu ya bomba nitashuka. Nitakuja siku hiyohiyo."

Basi nami nikawa mtu wa kungoja taa.

Nina mdogo wangu, Yunes, baharia kwenye meli ya mizigo. Meli yao hupanda mto Volga, hupita kwenye mfereji, hutokea Bahari Nyeusi. Siku moja ya kiangazi alikuja kunywa chai.

"Dada Tuba, kule Bahari Nyeusi walikuwa na balaa hilihili," alisema. "Ute mtupu. Kisha akaja mwingine, wa rangi ya waridi, akawala wale wa kwanza. Sasa samaki wanarudi."

Nikaweka birika chini. "Niletee."

"Nikuletee nini? Sabuni?"

"Niletee huyo wa waridi."

Yunes alicheka mpaka chai ikampalia. "Watu wanaagiza vitambaa, wewe unaagiza ute?"

"Yunes, nimekubeba mgongoni mpaka ulipofika miaka minne. Niletee."

Aliacha kucheka. Mwezi wa pili wa vuli alirudi na pipa la plastiki la buluu, limefungwa vizuri. Aliliacha uani mapema asubuhi, akarudi melini.

Sikungoja hata chai iive. Nilikopa mkokoteni wa muuza mboga, nikalipakia pipa, nikaanza kulisukuma kwenda gatini. Maji yalipiga ndani, chubu, chubu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu Ghorban aondoke. Nilikuwa naziona taa. Nilikuwa nalisikia lango letu likifunguliwa.

Njiani nikakutana na Farkhondeh. Huyu alikuwa mpangaji wetu wa juu, anafanya kazi kwenye maabara ya samaki. Ni mwanamke wa sauti kubwa, na mikono yake hunuka dawa siku zote.

"Tuba! Umeanza kuuza siki?"

Nilimwambia. Nilidhani atanipongeza. Alikuja akasimama mbele ya gurudumu.

"Humwagi."

"Ondoka, Farkhondeh. Si wewe uliyesema mwenyewe, siku ile kibarazani, kwamba yupo anayewala?"

"Nilisema. Yupo kweli. Lakini unajua hawa wa kwanza walifikaje hapa?"

"Mungu ndiye anayejua."

"Hata mimi najua. Walikuja kama hili pipa lako." Aliligonga kwa vidole. "Meli ikiwa tupu huyumba. Kwa hiyo huvuta maji ya bahari tumboni ipate uzito. Ikifika inakopakia mzigo, huyamwaga. Na yaliyomo ndani humwagwa pamoja nayo. Huyu mnayemwita ute, sisi tunamwita yavuyavu-chanuo, kwa sababu ana mistari ya vinywele ubavuni kama meno ya chanuo. Kwao ni pwani za Amerika. Huko wapo wanaomla. Akaingia tumboni mwa meli, akafika Bahari Nyeusi. Kutoka huko akapanda meli nyingine mpaka kwetu. Hakuna aliyemleta kwa ubaya."

"Lakini mimi naleta dawa!"

"Unaleta maji ya bahari ya watu. Umeyapima?"

Nilisukuma mkokoteni. Hakusogea. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Nilimwambia hana mume, hajui kungoja ni nini.

Alifungua mkoba wake. Akatoa chupa ndogo.

"Sawa. Nipe chupa moja tu. Twende nayo maabara, ni hatua mia mbili. Ukiangalia ukaona nimekosea, nitalisukuma hili pipa pamoja nawe, na mimi ndiye nitakayemwaga."

Tulifungua kifuniko. Harufu ilitoka ikanipiga puani. Nilijifanya sijaisikia.

Maabara ilikuwa na chombo cha kukuzia vitu vidogo. Farkhondeh aliweka tone kwenye kioo, akaniwekea kiti.

"Fumba jicho moja. Unaona nini?"

"Maganda. Kama ya kitunguu."

"Hao ndio wa waridi. Wamekufa wote. Safari ndefu, hawana chakula. Sogeza kioo."

Nikasogeza. Kitu chenye miguu mingi na macho mawili meusi kiliruka mbele ya jicho langu. Nilirudi nyuma nikapiga kelele.

"Huyo ni mtoto wa kaa. Wa aina gani, sijui bado," alisema. "Sogeza tena."

Palikuwa na konokono mdogo kuliko chembe ya chumvi. Alikuwa hai. Palikuwa na vingine vya kuzunguka, vya kutambaa, vyote vizima. Kisha nikaona tone safi kama kioo, lenye mistari inayometameta rangi zote.

"Huyu namjua," nilisema taratibu.

"Ndiye yeye. Ulitaka kumletea adui, ukamletea ndugu zake."

Niliyemtaka alikuwa maiti. Waliokuwa hai ni wale ambao sikuwaagiza.

Farkhondeh alivuta kiti akakaa karibu yangu, akashusha ile sauti yake.

"Sikiliza, dada. Yavuyavu huyu hali kilka mkubwa. Anakula vijidudu vya majini, na hicho ndicho chakula cha kilka. Anakula pia mayai ya samaki na vifaranga wao. Akishiba hatulii, anatema, anaendelea. Na ni mume na mke kwa pamoja, hangoji posa wala mahari. Mmoja tu hutaga mayai maelfu kwa siku."

"Ndiyo maana kilka wameisha."

"Ndiyo maana. Na sisi tulizidisha. Kilka walipopungua, mashua ziliongeza taa ili zivute wachache waliobaki. Ghorban wako pia aliongeza."

Ni kweli. Nilimsaidia kubeba zile taa.

"Sasa hata sili wanakonda," aliendelea, "maana nao hula kilka. Bahari yetu imezungukwa na nchi kavu, Tuba. Haina mlango wa kutokea. Kilichoingia hakitoki."

"Na yule wa waridi? Hatakuja kabisa?"

"Tunaye kwenye tangi, amefungiwa. Tunataka kujua kama ataishi kwenye maji yetu, maana chumvi yake ni kidogo. Tunataka kujua kama hatakula kitu kingine. Nchi zote zenye pwani hii zinapaswa kukubaliana. Ni kazi ya miaka."

"Miaka mingapi?"

"Sijui, dada yangu."

Hilo "sijui" ndilo lililonivunja. Nililia pale kwenye kile kiti. Sikuililia bahari, nisiwe mwongo. Nilimlilia mume wangu. Farkhondeh alinishika bega kwa mkono wake unaonuka dawa. Nikamwomba msamaha, naye akasema, "Mimi nangoja pia, hujui tu." Sikumuuliza zaidi.

Pipa tulilitia klorini, tukaliacha siku mbili mpaka vyote vikafa. Kisha tukayamwaga maji kwenye shimo nchi kavu, mbali na mtaro na mbali na wangwa, lile bwawa linaloungana na bahari.

Ijumaa simu ikalia.

"Taa zipo?"

"Hamna. Na usiniulize tena, Ghorban."

Nilimweleza yote, pipa, kaa, konokono. Nikamwambia, "Hazirudi mwaka huu wala ujao. Labda Mahrokh ataziona akiwa na watoto wake. Usingoje taa. Njoo uvute wavu wa pwani. Samaki mweupe bado yupo, anakula kombe wa chini ya bahari, ute haujamnyima chakula."

"Mimi?" Alikasirika. "Mtu wa taa, nikavute kamba mchangani na wazee wenye magoti mabovu?"

Watu wa kilka waliwadharau wavuta wavu tangu zamani. Nilijua atasema hivyo.

"Wazee wenye magoti mabovu wanalala nyumbani kwao," nilisema.

Simu ikakatika. Sijui kama ni laini au ni yeye. Ijumaa iliyofuata haikulia. Na iliyofuata haikulia. Nilifika mahali pa kujilaumu kwamba nilimwambia ukweli. Angalau zamani nilikuwa na swali lake.

Yunes ndiye aliyerudi kwanza. Nilimkamata uani.

"Ninyi maji ya tumbo la meli mnayamwaga wapi?"

"Palepale bandarini, tukianza kupakia. Kwani nini? Maji tu hayo, dada."

Nilimvuta sikio, mtu mzima mwenye sharubu, mpaka maabara. Alipotoka kwenye kile chombo hakuwa na utani. Farkhondeh alimpa karatasi ya maelekezo kwa mabaharia. Yunes alimpelekea nahodha wake, nahodha akambishia, Yunes akampelekea tena. Sasa meli yao huyamwaga maji ya chumvi hukohuko Bahari Nyeusi kabla ya kuingia kwenye mfereji, na hujaza maji baridi ya mto. Wengi wa viumbe wa chumvi hawaishi humo. Meli mbili nyingine zimewafuata. Nyingine bado, na Yunes hugombana na mabaharia wao kila bandari.

Asubuhi moja ya mvua lango lilifunguliwa. Ghorban alisimama pale, mweusi kwa jua la kusini, amekonda, begi begani.

"Sikuleta zawadi," alisema. "Nimeleta magoti."

Nililipokea begi. Mahrokh ndiye aliyemrukia.

Kazi ya wavu wa pwani si ya sifa. Watu hamsini wanavuta kamba moja, hakuna nahodha wa kujivuna. Wanavua kwa msimu uliopangwa, na msimu ukiisha wanaacha, ili samaki atage. Hatupati kama zamani. Lakini viatu vyake viko mlangoni.

Mwaka mpya ulipofika tulipika wali wa mboga za majani na samaki mweupe, na Mahrokh akaweka samaki mwekundu kwenye bakuli mezani, kama kila nyumba. Siku ya kumi na tatu watu wote hutoka kwenda majini, na watoto huwaachia samaki wao kwenye wangwa. Mwaka uliotangulia sisi pia tulimwachia wetu, tukampungia mkono. Safari hii Mahrokh alikaa ukingoni amelikumbatia bakuli.

"Mwachie, mama, akawe huru!" jirani alimwambia.

"Huyu si wa humu," Mahrokh alijibu. "Atakula mayai ya wenyewe."

Tukarudi naye nyumbani. Mpaka leo yuko dirishani, amenenepa.

Jioni Ghorban hutoka kibarazani baada ya chakula. Hutazama baharini, mahali pa taa. Mimi hukaa karibu yake. Hatuulizani. Namtamani bado yule mume wa mwanga ule, naye anautamani, nalijua hilo.

Wiki iliyopita wavu uliwaleta samaki weupe, na katikati yao kilka saba. Saba tu. Waliovuta kamba waliwarudisha majini mmoja mmoja, wakiwahesabu kwa sauti kama watoto. Ghorban alirudi amelowa, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.

Nikafungua mdomo nimgombeze. Kisha nikaufunga.

Asubuhi niliosha mchele, nikabandika chai, nikamsuka Mahrokh nywele. Nyumba nzima ilikuwa inanuka samaki. Koti sikuligusa.