Rangi Nyeupe kwenye Bolti za Breki

Kila siku akitoka shule, Kiroboto alivua viatu, akavaa ndala zilizochakaa na kuingia gereji ya mjomba wake, iliyopakana na jiko la kwao. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchambua nati zilizochanganyika na kuzirudisha kwenye makopo yake, na kujibu utani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, kwa kuwa mjomba wake, fundi wa pikipiki, aliamini kwamba mtu asiyetaniwa hukauka kama mkate wa juzi.

Jina la Kiroboto alimpa yeye. Tangu alipojua kutembea, mtoto huyo alikuwa wa kuruka: kutoka benchi hadi tairi, kutoka tairi hadi mgongoni kwa baba yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa akiruka tena. Baba yake alikufa kwa maradhi ya figo. Nyumba nzima ililia. Kiroboto alisubiri kilio chake kije, hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ya mguu uliolaliwa vibaya: mguu upo, unauona, lakini ukiubana hausemi kitu. Alikula akipewa chakula. Alifanya hesabu na kuzipata. Mwalimu wake alisifu kwamba siku hizi ametulia sana. Mjomba aliposikia sifa hiyo alitikisa kichwa.

"Kiroboto aliyetulia ni kiroboto mgonjwa," alisema, akaendelea kupaka mnyororo mafuta.

Baba aliacha pikipiki ya silinda mbili, si kubwa ya kutisha, si ndogo ya kuchekwa. Alikuwa ameanza kuibadilisha kidogo kidogo: eksozi fupi, usukani ulioshushwa, springi ngumu zaidi mbele. Alitaka siku moja aipeleke uwanja wa mbio, kwenye siku ya wanagenzi, ambapo watu wasiowahi kukimbia hufundishwa kupinda na kufunga breki bila magari wala mbuzi wa kukwepa. Hakuwahi. Sasa dada yake Kiroboto, mwokaji mikate mwenye leseni na mikono yenye nguvu za kukanda unga, alisema ataipeleka yeye. Siku alipolisema hilo alicheka. Kicheko hicho kilikuwa cha kwanza nyumbani mwao tangu mazishi, na kila mtu alikaa kimya asije akakitisha kikakimbia.

"Haya," Mama alisema. "Lakini mnirudishie mtu mzima. Sitaki kuletewa habari, nataka kuletewa mtu."

Katika gereji ya Mjomba palikuwa na sheria moja isiyotaniwa. Bolti ya breki au ya gurudumu hukazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tak!* inapofika pake. Ikishalia, ndipo fundi huchukua kichupa cha rangi na kuchora mstari mweupe juu ya bolti hiyo. Mstari maana yake ni: mkono wangu umepita hapa, bolti imekaza. Tak moja, mstari mmoja. Mjomba akiona nyeupe haulizi tena.

Jumamosi asubuhi walifika uwanjani kwa pikapu ya Mjomba, pikipiki imefungwa kamba nyuma kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Uwanja ulikuwa lami pana iliyojipinda kuzunguka nyasi kavu, na koni za rangi ya chungwa zikionyesha pa kufunga breki na pa kupinda. Waendeshaji walibandika utepe wa gundi kwenye taa zao na kung'oa vioo vya pembeni. Dada alivaa suti ya ngozi ya kuazima.

"Umependeza," Mjomba alimwambia. "Kama sofa iliyopata mchumba."

"Wewe, Mjomba, ukipata ngozi itakayokutosha tumbo hilo, unishtue," Dada alijibu.

Walicheka. Kiroboto alijua kwamba pale ndipo pa kucheka, akafungua mdomo kidogo, basi.

Mkufunzi, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule, aliwakusanya wanagenzi wote. Aliwaeleza bendera, kisha akainua kidole. "Mzunguko wa kwanza mnanifuata mimi nyuma, polepole, kama vifaranga. Asiyekuwemo kwenye mzunguko huo leo hapandi tena. Asiniletee machozi. Kuna mtu hajaelewa?"

Wanagenzi wakarudi kila mmoja kwenye pikipiki yake.

Kisha akaja mkaguzi, mwanamke mwenye tochi mdomoni na kitambaa mfukoni. Alitikisa usukani, akaminya breki, akachuchumaa mbele ya gurudumu. Pale kuna kalipa mbili, moja kila upande, ambazo hubana diski ili pikipiki isimame. Kila kalipa imeshikwa na bolti mbili. Mkaguzi alimulika: nyeupe, nyeupe. Akahamia upande wa pili: nyeupe, nyeupe.

"Nani fundi wenu?"

"Huyu," Mjomba alisema, akimwekea Kiroboto mkono kichwani. "Jana tulibadilisha pedi za breki. Kalipa zote mbili amekaza mwenyewe."

"Safi sana, binti. Kazi ya mtu mzima." Akabandika karatasi ya kijani kwenye tangi, akaenda kwa pikipiki nyingine.

Kiroboto aliitazama ile mistari minne. Na kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha maji jikoni yakichemka, akakumbuka.

Jana kifuniko cha kichupa cha rangi kilikuwa kimegandia. Alikifungua kwa meno, na kwa kuwa hakutaka kupigana nacho mara nne, akachora mistari yote minne kwa mpigo. Ni sawa tu, alijiambia, nakaza sasa hivi. Akakaza upande wa kulia: *tak*, *tak*. Akahamia kushoto: *tak*. Kisha Mama akaita kutoka jikoni aje amshikie sufuria. Aliporudi alikuta nyeupe nne zinamtazama kama kazi iliyokwisha. Alifuta spana, akairudisha kwenye sanduku lake.

Au aliikaza na ile ya nne kwanza? Alijaribu kuisikia ile tak kichwani. Mara aliisikia, mara hakuisikia.

Alijua kwamba mtu mwingine pale angeogopa. Yeye aliingoja hofu, naye akaona tu mikono yake imelala juu ya magoti, mikavu, kama ya mtu mwingine. Akili peke yake ndiyo iliyokuwa ikienda, na ilijenga hoja kama wakili. Huenda imekaza, ilisema. Mkaguzi amepita. Dada amecheka asubuhi nzima. Ukisema, atakosa mzunguko wa kwanza, na akiukosa ndiyo imekwisha, ataacha kucheka tena, na pengine utakuta bolti imekaza tangu jana na wewe ndiye uliyeharibu.

Honi ililia. Wanagenzi wakapanga foleni kwenye njia ya kutokea, injini zikinguruma. Dada alikuwa wa tatu. Kutoka kwenye ukuta mfupi alipoketi, Kiroboto aliona mgongo wake mpana ndani ya ile ngozi ya kuazima, na mkono wake wa kulia ukijaribu breki, ukiachia, ukijaribu tena. Alikuwa akiiamini.

Kiroboto alisimama. Hofu bado haikuwa imefika, lakini aligundua kwamba miguu haihitaji hofu ili itembee. Akatembea mpaka kwenye foleni.

"Dada, bolti moja sijui kama niliikaza."

Dada hakusikia. Kofia ngumu, injini, upepo. Alimpungia mkono tu, akidhani ameletewa baraka. Mshika bendera aliinua bendera ya kijani. Basi Kiroboto akapenyeza mkono chini ya usukani, akazungusha ufunguo, na injini ikazimika.

"Wewe mtoto! Una wazimu?" Mshika bendera alikuja mbio.

"Toto, hapa si kituo cha basi!" aliguta mwendeshaji wa nyuma.

"Mwondoeni, tunachelewa!"

Dada aliinua kioo cha kofia. Macho yake yalikuwa makali. "Umefanya nini?"

"Bolti ya breki. Ya kushoto. Nilichora kabla ya kukaza, halafu Mama akaniita. Sijui kama nilimalizia." Sauti yake ilitoka bapa, kama anasoma tangazo la shule.

"Hujui?"

"Sijui."

"Kiroboto, wenzangu wanaondoka. Unajua maana yake? Umekaza au hukukaza?"

"Sijui, Dada. Ndiyo maana nimekuja."

Mkufunzi alikwisha kutangulia na vifaranga wake. Dada alitazama migongo yao ikipotea kwenye kona ya kwanza. Kisha akashuka, wakaisukuma pikipiki hadi kwenye pikapu.

Mjomba aliwaona wakirudi. "Vipi, sofa imekosa mlango?" Kisha akauona uso wa Dada, akasikia maelezo, akafungua sanduku la spana.

Ya kwanza kulia: *tak*, papo hapo. Ya pili: *tak*. Ya juu kushoto: *tak*. Dada alipumua kwa hasira, akaanza kuvua glavu. "Unaona sasa? Zote zime..."

Mjomba aliweka spana kwenye ya nne. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Ilizunguka kwa ulaini, kama kifuniko cha chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa, na haikulia mpaka mkono wa Mjomba ulipokuwa umezunguka mara tatu.

*Tak.*

Mjomba, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hata msibani, alikaa chini kwenye lami. Aliishika ile spana kama aliyeokota kitu asichokijua.

"Kalipa moja ikipinduka kwenye diski," alisema, "gurudumu la mbele linafunga. Hapo hapo." Dada alikuwa amesimama na glavu moja mkononi. Alimtazama mdogo wake, akamvuta kifuani kwa nguvu mpaka zipu ya suti ikamkwaruza Kiroboto shavuni.

Ilimuuma. Ajabu ni kwamba ilimuuma. Na pale, katika maumivu madogo ya zipu, ile hofu iliyochelewa ikafika yote kwa pamoja. Meno yakagongana, na kilio kikamtoka ambacho kilianza na bolti na kikaenda mbali zaidi, hadi kwa baba. Alilia kama mguu uliolala unapoamka: kwa kuchomachoma, na bila mtu wa kuuambia usiamke. Hawakumwambia anyamaze.

Mkufunzi alirudi mzunguko ulipokwisha, akaja kwa hatua za mtu anayekuja kugomba. "Nani kazima injini kwenye foleni yangu?"

"Mimi, Mwalimu," Kiroboto alisema huku kamasi zikimtoka, akamweleza yote, tangu kifuniko kilichogandia mpaka ile bolti, bila kupunguza.

Mkufunzi alisikiliza. Alimtazama Mjomba, Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akaitazama bolti. "Nilisema asiyekuwemo mzunguko wa kwanza hapandi."

"Ulisema, Mwalimu," Dada alisema kwa upole. "Tutafunga mizigo."

"Nani kakwambia ufunge? Sheria inataka mzunguko wa kwanza uwe nyuma yangu, basi. Haisemi niwe nimeshiba." Akatazama saa. "Wenzako wakienda kula, njoo getini. Na mkaguzi nitaongea naye. Naye aliona rangi, akaacha kutumia spana."

"Hata mimi," Mjomba alisema. "Jana nilipita na tochi, nikaona nyeupe, nikazima tochi. Mkaguzi, mimi na fundi mwenyewe: watu watatu tumeiamini rangi."

Ulipobaki muda mfupi kabla ya chakula, Dada alimwita mdogo wake. "Haya, fundi. Kagua tena kabla sijapanda."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Ninayemjua wa kunizimia injini ni mmoja tu."

Kiroboto alichukua spana. Spana ikakosa bolti, ikagonga kalipa. "Mjomba," alisema, "naogopa."

"Afadhali!" Mjomba alisema, na sura yake ikarudi ya utani, ingawa macho yalikuwa bado mekundu. Alichuchumaa kando yake. "Sikiliza, mpwa wangu. Kuacha kazi katikati kila mtu huacha. Mama akiita, utakwenda, na ukimwambia asubiri utakiona cha moto. Kosa lako lilikuwa kusema imekwisha kabla haijakwisha. Ule mstari ni neno lako, na watu hupandisha roho zao juu ya neno lako. Lakini leo umefanya jambo ambalo wazee wenye ndevu linawashinda: umesema 'sijui' mbele ya watu wanaokupigia kelele. Fundi asiyejua akasema hajui, kazi yake hurekebishwa. Fundi asiyejua akanyamaza, kazi yake huzikwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Basi kaza. Na ukimaliza, nitakaza juu yako, na ukinuna shauri yako."

Alikaza, Mjomba akakaza juu yake, kila bolti ikalia. Dada akapanda, akaenda getini alikosubiri mkufunzi mwenye njaa. Wawili hao wakatoka, mmoja nyuma ya mwenzake, katika uwanja mtupu.

Kiroboto alipanda juu ya pikapu ili aone vizuri. Mwishoni mwa ile lami ndefu, kwenye koni za kwanza, Dada alifunga breki. Pikipiki iliinamisha pua, ikapunguza mwendo, ikapinda, ikanyooka, ikaendelea. Kiroboto akatoa pumzi aliyokuwa ameishikilia, kisha, kona ya pili ilipokaribia, akaishika tena.